Leba ya Giaboksi kwa Bei ya Mjengo

Kutoka Kajiado hadi Kitengela kwa gia ya tatu peke yake kunawezekana. Najua kwa sababu mimi na mama tulifanya hivyo Jumanne moja ya likizo ya Aprili, nyuma tukiwa na gunia la maharagwe na mguu mzima wa ng'ombe. Gia ya kwanza ilikataa kuingia tangu sokoni. Ya pili iliingia, ikapiga kelele ya mbuzi aliyekanyagwa, ikatoka yenyewe. Ya nne na ya tano zilikuwa zimeenda kwao. Rivasi sitaitaja, maana mama aliniambia nisitaje wafu ovyo.

Gia ya tatu haina neno ukishakuwa unaenda. Shida ni kuanza. Kila tukifika kwa bampu mama anapunguza mwendo, gari inakufa, mimi nashuka kusukuma. Pale Kisaju nilishuka mara nne. Watu wa bodaboda wakaja kunisaidia, na mmoja akaniuliza, "Siz, hii kazi umeandikwa ama uko atachment?"

"Atachment," nikamjibu. "Nikimaliza wananipatia cheti."

Tulifika nyumbani jioni, van ikanusa geti, ikalala hapo hapo. Haikuamka tena.

Sasa, hiyo van ndiyo kazi ya mama. Imenishinda umri kwa miaka tisa na imetembea kuliko ukoo wetu wote, lakini ndiyo inayobeba chakula anachopika: githeri, wali kwa ndengu, nyama siku mbili kwa wiki. Kinaenda kwa shamba moja la maua huko mbele ya Kisaju, sahani mia na kumi, Jumatatu hadi Ijumaa, saa saba kamili wafanyakazi wakitoka kwa greenhouse. Jumatano mama alikodi pikapu ya jirani. Pikapu ilichelewa, chakula kikafika saa nane kasoro, na supavaiza wa pale, mwanamke asiyecheka hata na mtoto mchanga, akamwambia, "Mama, watu wangu hawali saa. Jumatatu ukipitisha saa saba, kuna mwingine amekuwa akinipigia simu."

Jirani naye alisema pikapu yake tutaitumia mpaka Ijumaa tu, Jumamosi anaenda nayo harusi kwao. Kwa hivyo van ilikuwa lazima itembee Jumatatu, la sivyo mama angebaki na sufuria kubwa na watu wa kulisha watatu: baba, mimi, na yeye.

Giaboksi ya mtumba ilipatikana haraka. Mama alikopa kwa chama chao cha akiba cha akina mama, ikaletwa imefungwa kwa gunia. Kilichobaki ni leba, yaani pesa ya fundi ya kuitoa ile mbovu na kuweka hii. Na hapo ndipo mama alipoharibu mambo, kwa sababu alinipa mimi kazi ya kuchunguza.

"Wewe unajua kuongea," akasema. "Hata mwalimu wako ameandika kwa ripoti. Uliza mafundi, nijue leba ya haki ni pesa ngapi. Sitaki kunyonywa."

Mwalimu aliandika *anaongea sana*, lakini sikuona haja ya kumkosoa mzazi.

Nilipata namba ya fundi mmoja wa Kitengela kwa ukuta wa duka la vipuri. Nikampigia kwa kile Kiingereza cha kupitia puani ninachotumia kwa debate, nikajifanya ni mtu wa ofisi fulani. Akasema elfu kumi na tano, sir ama madam. Nikangoja nusu saa, nikachukua simu ya mama, nikampigia tena nikiwa mke wa pasta. Nikamwambia van ni ya kanisa na kwaya imekwama. Akasema elfu kumi, na Mungu atatubariki sote. Nikangoja tena. Mara ya tatu nikatumia simu ya baba na sauti ya nyanya yangu wa Machakos, nikikohoa kati ya maneno. Nikasema mimi ni mama mzee, gari ni ya marehemu.

Fundi akanisikiliza mpaka mwisho. Halafu akasema, "Wewe msichana. Hizo van ni tatu ama ni moja?"

Nikakata simu. Akapiga yeye.

"Usiogope, cucu," akasema, akiniita nyanya kwa Kikuyu na kucheka mpaka nikasikia kitu kikianguka kwake, nadhani spana. "Ni moja?"

"Ni moja."

"Ile ya engine chini ya kiti?"

"Hiyo hiyo."

"Ileteni. Hiyo ni elfu saba, kazi imeisha. Lakini hiyo sauti ya nyanya usiiache. Itakusaidia."

Nikampelekea mama ripoti: kwa fundi mmoja, kwa van moja, kwa asubuhi moja, leba ilikuwa elfu kumi na tano, elfu kumi na elfu saba. Mama akajipiga paja. Akaita, "Aiya! Baba yenu!" ingawa sisi watoto tuko mmoja.

Baba yangu ni fundi wa mjengo. Amejenga nusu ya Kitengela, na nusu ile nyingine anasema imejengwa vibaya. Huniita Mwaitu, yaani mama kwa Kikamba, kwa sababu nimepewa jina la mamake. Hii inanipa haki fulani ndani ya nyumba ambazo mimi huzitumia zote.

Alisikiliza ripoti yangu akichokoa meno. Kisha akatoa hukumu.

"Huyu anataja bei kutoka hewani. Leba haitoki hewani. Leba inapimwa kwa siku. Fundi kwa siku ni elfu moja mia tano, mtu wa mkono wa kumsaidia ni mia saba. Jumla elfu mbili mia mbili. Kutoa chuma na kuweka chuma ni siku moja. Elfu saba ya nini? Anajenga ghorofa?"

Hesabu ilikaa vizuri sana. Hata mimi niliikubali, na mimi huwa sikubali kitu.

Tukavuta van hadi kwa yadi ya yule fundi. Alikuwa mtu mfupi, mwenye vidole vifupi na ovaroli iliyoweza kusimama bila yeye. Alinitambua kwa sauti nilipomsalimia, akaniuliza habari ya marehemu. Baba akaingilia kati na kumweleza mpango wake, pole pole, kama mtu anayempigia mwenzake hesabu za darasa la tatu.

"Kwa siku?" fundi akauliza.

"Kwa siku. Wewe na mtu wako wa mkono. Kila jioni nakulipa, hakuna deni."

"Si unataka tuongee kandarasi, mzee? Elfu saba, unarudi tu kuichukua?"

"Kwa siku."

Fundi akamwangalia mtu wake wa mkono, jamaa mmoja mnene aliyekuwa ameketi juu ya tairi. Mtu wa mkono akaangalia chini, kwa heshima.

"Sawa, mzee," fundi akasema. Fisi akiambiwa achunge bucha huwa na sura ile.

Baba hakuiona. Aliona tu kwamba ameokoa karibu elfu tano. Akanipa daftari ya hesabu yenye kurasa zilizobaki, akaniambia kesho nikae pale niandike kila kitu kinachofanywa, saa kwa saa, ndivyo yeye huwafanyia vijana wake kwa saiti. Nilikuwa na kazi ya likizo ya kemia, kwa hivyo nilikubali upesi.

Hii hapa ni Alhamisi, nilivyoiandika:

*Saa tatu: fundi amefika. Saa tatu na nusu: fundi anaangalia gari. Saa nne: gari inaangalia fundi. Saa nne na nusu: chai. Saa tano: wamemwaga oili yote. Saa sita: wanangoja oili iishe kumwagika, ingawa imeisha. Saa saba: chakula. Saa nane: mtu wa mkono anatafuta spana namba kumi na saba. Saa tisa: spana namba kumi na saba imepatikana mfukoni mwake. Saa tisa na nusu: wamepaka bolti dawa ya kutu. Saa kumi: bolti zinalala.*

"Zinalala?" nikauliza.

"Gari ya zamani," fundi akaniambia. "Bolti zake ukizilazimisha zinavunjika shingo. Lazima ziloe usiku kucha."

Baba akaja jioni, akalipa elfu mbili mia mbili, akasema kesho itaisha.

Ijumaa nilifika mapema. Mlinzi wa yadi, mzee wa Kimaasai mwenye redio begani, alinisalimia kama jana yake, "Supai!"

"Ipa," nikajibu.

"Mgonjwa bado hajatoka?"

Mgonjwa hakutoka. Waliondoa viti vya mbele. Waliviosha. Mimi sijui giaboksi na usafi wa viti vinakutana wapi, lakini viliwekwa juani vikakauka, nasi tukavitazama. Waliondoa ile shafti ndefu inayoenda kwa magurudumu ya nyuma. Kila bolti iliyotoka ilioshwa kwa petroli, ikapanguswa, ikalazwa juu ya gazeti kwa mstari. Saa kumi, giaboksi mbovu ilikuwa bado imeshikwa, na baba akalipa elfu mbili mia mbili nyingine. Safari hii alizihesabu mara mbili.

Wakati wa chakula cha jioni, mama akaniambia nisome daftari. Nikasoma yote kwa sauti ya mtangazaji wa habari. Nilipofika kwa viti kukauka mama aliweka kijiko chini. Nilipofika kwa bolti kulala, akageukia baba.

"Hiyo daftari si nimeisikia mahali?"

Baba akaendelea kula ndengu.

"Ule mjengo wa Tuala," mama akasema. "Ule wa choo na bafu. Ulikuwa unalipwa kwa siku. Ulianza mvua ya kwanza, ukaisha mvua ya pili. Nikikuuliza, unaniambia simiti inakauka."

"Simiti *hukauka*," baba akasema.

"Miezi mitatu?"

Mimi nilikuwa nimeziba mdomo kwa mikono miwili. Baba akaniangalia. "Mwaitu, nenda uoshe vyombo."

"Mtu hamtumi mamake kuosha vyombo," nikasema, lakini nikaenda, maana niliona amebadilika rangi ya masikio. Nikiwa jikoni nikamsikia mama, sasa bila mzaha: "Jumatatu, baba yake. Nikipoteza hilo shamba silipati tena. Ile pesa ya chama nitalipa na nini?"

Nikasikia kiti cha baba kikisogea, kisha mlango wa nje.

Jumamosi saa mbili asubuhi tulikuwa yadi, yeye na mimi. Fundi alikuwa peke yake, akinywa chai. Baba hakumsalimia kwa ukali niliotarajia. Alivuta debe, akaketi karibu naye.

"Fundi," akasema. "Mimi pia ni fundi."

"Najua, mzee. Niliona mikono. Ndio maana nilikubali haraka hivyo."

Wakatazamana. Baba akaanza kucheka kwanza, kile kicheko cha mtu aliyeshikwa ndani ya shamba la mahindi la mtu mwingine.

"Umeninyoa," baba akasema.

"Umejinyoa, mimi nilishika tu kioo. Uliniambia nikuuzie masaa, nikakuuzia. Ningekuuzia kazi, ningeimaliza Alhamisi. Si wewe unajua?"

"Najua sana. Turudi kwa ile saba?"

"Tunarudi. Umeshalipa elfu nne mia nne, inabaki elfu mbili mia sita, na van inatoka leo. Ila kuna kitu kimoja." Akaonyesha lile tairi tupu. "Mtu wangu ni wa Sabato. Leo yuko kanisani. Na hiyo giaboksi siwezi kuishusha peke yangu. Hapa sina lifti, sina shimo. Lazima mtu mwingine alale chini."

Baba akanitazama.

"Mimi ni wa daftari," nikasema.

Basi baba akalala chini. Akatandika katoni, akajisukuma kwa mgongo mpaka zikabaki gambuti nje. Mimi nikaingia upande wa pili na tochi, nikiwa na nia moja tu, kupata kitu cha kuwasimulia darasa zima mwezi wa tano.

Chini ya gari kuna dunia nyingine. Kuna nafasi ya kupumua lakini si ya kupumua vizuri. Uchafu wa barabara za miaka mingi unakuangukia machoni. Fundi alifungua bolti za chini bila shida. Halafu akafika kwa ile moja ya juu kabisa, nyuma ya injini, ambayo mtu aliyeitengeneza van hakutarajia binadamu yeyote aiguse tena. Haionekani. Aliunganisha vyuma vitatu vya spana, akapitisha mkono juu mpaka begani, akafumba macho, akaanza kuitafuta kwa vidole. Spana ilimponyoka mara sijui ngapi. Mara moja mkono uligonga chuma, damu ikatiririka hadi kwenye kiwiko. Alivuta tu pumzi, akarudi.

Saa yangu ilisema dakika arobaini kwa bolti moja. Sikuandika. Mikono ilikuwa imeshika tochi, na hata ingekuwa huru, sijui ningeandika nini. Ile daftari haikuwa na mahali pa kitu kama hicho.

"Hii ndiyo ilikuwa inalala?" baba akauliza, kwa sauti ndogo.

"Hii ndiyo. Hiyo dawa ilikuwa ya kweli, mzee. Viti ndio vilikuwa vya masaa."

Bolti ikatoka. Giaboksi ikaja na uzito wake wote. Fundi alikuwa ameifunga kwa kamba na kuweka jeki, lakini kwa muda mfupi, ikiteleza kutoka kwa injini, ilikaa juu ya kifua cha baba yangu. Nilisikia hewa ikimtoka.

"Mwaitu," akasema. "Mwaitu!"

"Vumilia, mwanangu," nikamwambia. Ni kweli nilikuwa nimeogopa, na mimi nikiogopa mdomo ndio hufanya kazi kwanza. Lakini niliitupa tochi na kushika upande mmoja, na sisi watatu tukaishusha juu ya tairi.

Kuweka ile nyingine kulikuwa kubaya zaidi, kwa sababu sasa tulikuwa tunapanda. Shafti ya mbele ya giaboksi lazima iingie kwa tundu katikati ya klachi, na hutaona tundu, unalibahatisha. Tulijaribu mara kumi na moja. Mara ya tano baba alitukana kwa Kikamba, neno ambalo nikilitamka mimi nitapigwa. Mara ya tisa fundi alitukana kwa Kikuyu. Mara ya kumi na moja ikaingia na kugonga *tap*, na wazee wawili wakalala chini pale wakicheka, nyuso zao nyeusi kwa oili.

Mama alifika saa tisa na sufuria ya githeri. Alimkuta mumewe amekaa chini, hawezi kuinua mkono kujipangusa pua. Akamtazama, akamtazama fundi, akapakua chakula. Fundi akapata nyama zote zilizokuwemo. Nilizihesabu.

Saa kumi na nusu, oili, shafti ndefu na viti vikiwa vimerudishwa, mama akapanda kwa usukani. Ya kwanza ikaingia. Ya pili ikaingia. Akaweka rivasi, van ikarudi nyuma pole pole mpaka mlinzi akahamisha kiti chake, mama akifunika mdomo kwa kitambaa cha kichwa.

Baba akatoa elfu tatu. "Usirudishe," akasema.

Fundi akazihesabu, akaweka mfukoni, kisha akatoa mia saba na kumnyoshea baba.

"Ya nini?"

"Ya mkono. Leo mtu wangu ulikuwa wewe."

Baba yangu ni fundi miaka ishirini na zaidi. Hakuna mtu amemlipa pesa ya mkono tangu kabla sijazaliwa. Alizishika zile noti, akajishika mbavu, akaziangalia tena.

"Mia saba?" akasema. "Kwa ule uzito? Hii ni kidogo, fundi!"

"Bei si uliweka wewe, mzee?"

Mlinzi ndiye alicheka kwa sauti zaidi, mpaka akazima redio ili acheke vizuri. Baba alizichukua hata hivyo. Jioni hiyo alienda kulala saa moja bila kula, na Jumapili kanisani alishindwa kuinua mikono wakati wa kusifu. Watu wakadhani amerudi nyuma kiimani.

Jumatatu mama alikataa nibaki nyumbani. Alisema kama gari itakufa anataka mtu mwenye cheti cha kusukuma. Tulitoka Kitengela saa sita na robo. Kwa kila bampu alipunguza mwendo, akaingiza ya pili, na kila mara nilimwona akikaza taya mpaka ikubali. Mimi nilikuwa nimeshika sufuria ya wali kwa magoti, na hata nilipopata mzaha mzuri kuhusu sufuria niliumeza.

Tuliingia geti la shamba la maua saa saba kasoro dakika kumi na mbili. Supavaiza alikuwa amesimama mlangoni, mikono kifuani, simu mkononi. Aliangalia van, akaangalia saa, akatia simu mfukoni. Kisha akachukua kijiko, akafunua sufuria, akaonja ndengu mbele yetu bila haraka, mvuke ukimpanda usoni.

"Chumvi ni kidogo," akasema.

"Kesho nitaongeza," mama akajibu, na akaanza kupakua.